Bagamoyo kwa Miguu: Uliza Nani Alibeba, Nani Alilipa

Basi la Bagamoyo linatoka Makumbusho, Dar es Salaam, linapita Tegeta, Bunju, Mapinga na Kerege, na likifika kwetu Zinga kondakta anagonga bodi kama kuna wa kushuka. Wageni hawashuki. Wanakwenda mjini, na wana sababu, maana majumba, makumbusho na magofu yote yako mbele. Jioni hurudi, na ukikaa nao kiti kimoja ukawauliza wameona nini, watakutajia msalaba wa wamisionari, minyororo ya watumwa, na mahali Wajerumani walipowanyonga watu. Hayo ni ya kweli, na kila Mtanzania anapaswa kuyaona kwa macho yake. Ila mimi niliyezaliwa Zinga, nikafundisha shule za msingi za wilaya hii mpaka nilipostaafu, nina neno moja kwa anayekuja kutembezwa siku nzima: usiondoke Bagamoyo bila kuuliza habari za Wahindi. Bila wao mji huu hauelezeki.

Sisemi hivyo kwa kuwapamba. Nasema kwa sababu daftari la mji lilikuwa mikononi mwao. Pembe za ndovu zilizoshuka kutoka Tabora na Ujiji zilivushwa kwenda Unguja, na nyingi zikaendelea hadi Bombay kabla hazijafika Ulaya. Kaniki iliyopanda bara ilitoka India. Hata merikani, ile nguo nyeupe iliyofumwa Marekani, na hata ushanga wa Venice, vilipita katika duka la Mhindi kabla havijafungwa mzigo. Mnyamwezi alibeba, Mwarabu au Mswahili aliongoza msafara, jumbe wa Kishomvi alidai ada yake. Lakini aliyetoa mali kwa mkopo, mara nyingi, alikuwa mtu wa Kutch au Gujarat aliyeketi barazani na kalamu yake.

Safari ninayoisimulia hapa nilikwenda na shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, aliyekuja kunitembelea kutoka Tabora. Alikuwa hajawahi kuiona bahari kwa karibu. Nikaona si vizuri Mnyamwezi aje mpaka pwani arudi bila kufika mahali ambapo babu zake walitua mizigo. Tulimchukua mwongozaji mjini, kijana wa Dunda anayeifanya kazi hiyo kila siku. Alipomsikia shemeji akitaja Tabora, hakungoja salamu ziishe.

“Ah, watani zangu mmefika! Mzee, mizigo umeiacha wapi?”

“Mizigo tulishatua kwenu zamani, mwanangu,” shemeji akajibu. “Tumerudi kudai posho.”

Utani wa Wazaramo na Wanyamwezi, wengi tunakubaliana, umetokana na njia ile ya misafara. Watu waliokutana mwaka hadi mwaka, mmoja akiwa na njaa na mwingine akiwa na chakula cha kuuza, ama wapigane ama wataniane. Basi tukaanza siku yetu katika hali hiyo njema.

Kwanza tulikwenda Kaole, na ushauri wangu ni kwamba kila mtu aanzie huko, mapema, kabla jua halijakaza. Ni kilomita chache kusini ya mji, bajaji inafika. Pale kuna magofu ya misikiti miwili na makaburi ya mawe ya matumbawe, mengine yamejengewa nguzo ndefu. Msikiti wa zamani zaidi ni wa karne ya 13. Kwenye nguzo za makaburi walikuwa wakipachika mabakuli ya kauri ya China, na vipande vilivyosalia vimehifadhiwa katika makumbusho madogo ya hapo hapo. Kauri hiyo peke yake inatosha kumwonyesha mtoto kwamba watu wa Kaole hawakungoja Mzungu ndipo waijue dunia. Walikuwa wakifanya biashara kwa pepo za msimu: kaskazi inavuma kuanzia Desemba na kuvileta vyombo kutoka Uarabuni na India, kusi inavuma katikati ya mwaka na kuvirudisha.

Bahari sasa iko mbali na magofu, na katikati imeota mikoko. Bandari ya Kaole ilizibwa na matope na mikoko, biashara ikahamia Bagamoyo. Lakini jina la Kaole halikufa mara moja. Sultani wa Unguja aliweka hapo askari wake wa Kibulushi, na mwaka 1857, Burton na Speke walipokuja kutafuta maziwa makuu, walianzia safari yao hapa.

Hapa ndipo nilimwomba mwongozaji atulie kidogo, kwa sababu katika msafara ule alikuwamo mtu ambaye watoto wetu wangepaswa kumjua kuliko wanavyowajua mabwana wake. Anaitwa Sidi Mubarak Bombay. Alizaliwa Myao. Alikamatwa akiwa mtoto, akauzwa Kilwa, akapelekwa India, akaishi huko miaka mingi mpaka bwana wake alipokufa naye akawa huru. Akarudi Afrika Mashariki, akaingia uaskari wa Sultani. Speke hakujua Kiswahili. Alichojua ni Kihindustani alichokipata jeshini India. Bombay naye alikijua. Hivyo kwa Speke safari ile ya mpaka Ujiji, ambayo vitabu vinaihesabu kuwa ya Waingereza, iliendeshwa kwa lugha ya India, mdomoni mwa Myao aliyekuwa mtumwa. Baadaye Bombay alifuatana tena na Speke, pamoja na Grant, mpaka chanzo cha Nile. Akaenda na Stanley mwaka 1871. Na mwaka 1873 akatoka Bagamoyo na Cameron, wakaivuka Afrika mpaka bahari ya Atlantiki. Alifariki mwaka 1885. Shemeji alisikiliza habari hii amesimama karibu na kisima cha Kaole, kisha akasema, “Huyu alitembea kuliko sisi wote.”

Kutoka Kaole tulirudi mjini tukaenda Misheni. Njia yenyewe ni ya kivuli, imepandwa miembe pande zote mbili. Mapadri wa Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo mwaka 1868 wakiongozwa na Padri Horner, wakaanzisha kijiji cha watu waliokombolewa utumwani. Kanisa lao la kwanza ni la mwaka 1872, na nyumba ya masista, ya mwaka 1876, sasa ndiyo makumbusho. Hapo ndipo penye minyororo, picha za kale na mambo mengi ya kusoma. Usiende kwa haraka.

Wageni wengi huja hapa kwa ajili ya mnara wa Livingstone. Mwili wake uliletwa Februari 1874, ukalazwa katika kanisa lile usiku mmoja kabla ya kuvushwa Unguja. Ulikuwa umebebwa tangu kijiji cha Chitambo, katika Zambia ya leo, na Chuma na Susi ndio walioongoza kazi hiyo. Jambo linalopitwa ni kwamba hata watu hawa walikuwa wameonja India. Mwaka 1864 Livingstone aliipeleka meli yake ndogo, Lady Nyassa, kutoka Unguja hadi Bombay ili aiuze, na Chuma na Susi walikuwa miongoni mwa mabaharia wake. Chuma akabaki huko akasomeshwa. Jacob Wainwright, aliyechonga jina la Livingstone kwenye mti alipofia, na ndiye aliyesindikiza jeneza mpaka London, alikuwa amesoma shule ya Nasik, karibu na Bombay, walikokuwa wakipelekwa watoto wa Kiafrika waliookolewa kutoka majahazi ya watumwa. Tangu hapo tuliacha kushangaa. Kila kona tuliyogeuka, India ilikuwa imetangulia.

Saa sita tulikula kwenye soko la samaki, pale ufukweni. Pweza wa kukaanga, kibua, chapati, na bajia za kunde. Mnada wa samaki ulikuwa unakwisha, wachuuzi wanapakia ndoo. Karibu na hapo ndipo yalipo magofu ya forodha ya Wajerumani, iliyojengwa mwaka 1895. Ukitazama baharini kutoka hapo unaelewa kwa nini Bagamoyo ilishindwa na Dar es Salaam. Maji ni mafupi sana. Jahazi linaweza kupwelewa mchangani, likalala ubavu, likapakuliwa, likasubiri maji yajae. Kwa chombo cha mbao hiyo ni nafuu kubwa. Meli ya chuma haiwezi. Ilitia nanga mbali, na kila kitu kikaletwa kwa mashua. Wajerumani waliliona hilo mapema: mwaka 1891 makao makuu yao yalihamishiwa Dar es Salaam.

Kwenye Caravan Serai hatukukaa sana. Ni jengo la mraba lenye ua katikati, na ndani yake kuna maonyesho madogo ya habari za misafara. Nilichokitaka hapo ni shemeji aone uzito wa mzigo. Mpagazi alibeba wastani wa frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30, mbali na mkeka wake, chungu chake na silaha yake. Kutoka Bagamoyo hadi Ujiji ni zaidi ya kilomita 1,000, na msafara ulikwenda kwa miezi. Pembe kubwa zilibebwa begani, ndogo zilifungwa pamoja. Nguo zilikazwa kwenye robota mpaka zikawa ngumu, kwa sababu mzigo unaolegea humuumiza mchukuzi kuliko mzigo mzito.

Sasa njoo Mtaa wa India.

Uko katika mji mkongwe, umekwenda sambamba na ufukwe, na ni mfupi kuliko anavyotarajia mtu aliyesikia jina lake. Nyumba zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, dari zake ni boriti za mikoko. Nyingine zimetengenezwa vizuri. Nyingine zimebaki kuta mbili na mti wa mtini umeota kwenye dirisha la juu, mizizi imeshika jiwe. Chini duka, juu makazi: ndiyo ramani ya nyumba ya mfanyabiashara wa Kihindi kote pwani, kuanzia Mombasa mpaka Lindi.

Mwongozaji wetu alitupeleka kwenye mlango mmoja wa nakshi akatuambia tusogee. Mfaa, ule mti wa katikati unaoziba ufa wa mbao mbili, umechongwa maua kuanzia juu hadi chini, na vumbi limejaa katika mitobo midogo ambayo patasi iliiacha. Juu ya kizingiti kuna ubao wa duara wenye majani yaliyosokotana. Njumu za shaba zilikuwa zimeng’olewa, yamebaki matundu yake, na kuzunguka kila tundu mbao ina rangi nyingine kwa vile haikuwahi kuona jua. Shemeji aliweka kidole gumba katika tundu moja akakizungusha taratibu.

Waongozaji wengine hupenda kukwambia kwamba kila nakshi ina siri: samaki ni hivi, mnyororo ni vile. Mimi hayo huyasikiliza kwa heshima tu. Linaloonekana bila ubishi ni kazi ya mlango wenyewe. Hatua chache kutoka ule wa nakshi kuna milango ya aina nyingine, haina mapambo, ni mipana, imegawanywa katika mbao nyembamba zinazokunjana ubavuni. Huo ni mlango wa duka. Ukikunjwa wote, ukuta mzima wa mbele unakuwa wazi, mwenye duka akikaa barazani anaona kila mzigo unaopita barabarani. Tulisimama hapo nikamwambia shemeji, “Babu yako alipofika na pembe, ilikuwa imeshaonwa kabla hajaitua.”

“Na bei ilishapangwa,” akasema.

Ndivyo ilivyokuwa kwa kiasi kikubwa, na biashara yenyewe ilikwenda hivi. Mkuu wa msafara hakuwa na fedha taslimu za kununua shehena ya kuingia bara. Alikwenda kwa tajiri, akapewa nguo, ushanga, waya wa shaba, pengine bunduki na baruti, akaandikiwa deni. Tajiri mwenyewe, mara nyingi, alikuwa naye amekopa kwa tajiri mkubwa zaidi wa Unguja, na yule wa Unguja alikuwa na jamaa zake Bombay au Mandvi, bandari ya Kutch inayojulikana hadi leo kwa mafundi wake wa majahazi. Mkuu wa msafara angeweza kukaa bara mwaka, miwili, hata zaidi. Angeweza kufa, kuibiwa, kupata vita njiani. Ushanga aliouchukua ungeweza kufika Unyamwezi na kukuta mtindo umebadilika, watu hawataki tena rangi ile, mzigo mzima ukawa hauna thamani. Kwa hiyo riba ilikuwa kubwa. Aliyerudi salama alilipa kwa pembe, na mara nyingi alikuta deni halijaisha, akachukua shehena nyingine, akarudi njiani.

Kileleni mwa mnyororo huo, Unguja, kulikuwa na nyumba kama ya Jairam Shivji, Mbhatia wa Kutch, ambayo kwa miongo mingi ya karne ya 19 ilikodi ukusanyaji wa ushuru wa forodha wa Sultani. Yaani ilimlipa Sultani kiasi kilichopatanwa, kisha ikakusanya ushuru yenyewe. Baadaye Taria Topan, Khoja aliyezaliwa Kutch na kuja Unguja angali mtoto, akaichukua kazi hiyo. Rupia ya India ilienea pwani hivi kwamba Wajerumani walipotawala walipiga rupia yao wenyewe yenye sura ya Kaisari, pesa 64 kwa rupia moja, wala hawakuleta marki. Mpaka mwaka 1904 walipobadili, mtoto wa Bagamoyo aliyekwenda dukani alihesabu kama mtoto wa Bombay.

Kuna swali gumu ambalo shemeji aliliuliza waziwazi: je, hawa nao waliuza watu? Mtembezwaji asiliogope. Kwa sheria ya Uingereza raia wa India ya Kiingereza hawakuruhusiwa kumiliki watumwa, lakini mnamo mwaka 1860 balozi wa Kiingereza wa Unguja, Rigby, aliwakomboa maelfu ya watumwa waliokuwa mikononi mwa Wahindi. Na mkopo uliotolewa kwa msafara haukuuliza kitakachorudi ni pembe tu au ni watu pia. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa kwa mkataba wa mwaka 1873. Mwongozaji anayeusimulia Mtaa wa India kama mahali pa sarafi na manukato tu anaiacha nusu ya habari, na anayewalaani wote kwa pamoja anaiacha nusu nyingine.

Nusu hiyo nyingine ina jina: Sewa Haji Paroo.

Alizaliwa Unguja mwaka 1851. Baba yake, Haji Kanji, alikuwa ametoka Kutch na kuanzisha biashara iliyofungua tawi Bagamoyo. Kijana huyu ndiye ambaye Stanley alimkuta mwaka 1871 alipohitaji wapagazi wa kumtafuta Livingstone, na Stanley amemlalamikia sana katika kitabu chake kwa ujanja wa bei. Nimeisoma habari hiyo, nami naona inamsema mwandishi kama inavyomsema aliyeandikwa: alikuwa anapatana na kijana wa miaka 20 aliyeijua kazi yake. Kadiri miaka ilivyokwenda, Sewa Haji akawa ndiye mtu wa kumwendea kwa yeyote aliyetaka wapagazi, awe mfanyabiashara, mmisionari au serikali ya Wajerumani.

Utajiri wake aliufanyia mambo ambayo bado tunayatumia. Alitoa fedha za hospitali ya Dar es Salaam kwa ajili ya watu wasio Wazungu, ambayo baada ya miongo ikawa mzizi wa Muhimbili. Anayepelekewa mgonjwa wake Jengo la Sewa Haji leo anatamka jina la mtu huyu. Aliwasaidia wagonjwa wa ukoma wa Bagamoyo. Na mwaka 1896 aliipa serikali jengo la shule hapa mjini, kwa sharti kwamba wasome humo watoto wa kila kabila na dini. Mwaka 1896! Serikali yenyewe ilikuwa inawapanga watu kwa rangi, na mfanyabiashara Mwismaili akaweka sharti hilo kwenye hati. Ndiyo inayoitwa leo Shule ya Msingi Mwambao.

Tulifika Mwambao watoto wanatoka masomoni. Walitusalimia shikamoo kwa sauti moja, kama desturi. Nikamuuliza binti mmoja wa darasa la sita kama anajua nani aliijenga shule yake. Akafikiri, akasema Wajerumani. Hilo si kosa lake. Sisi walimu tuna ratiba, na ratiba hiyo inatupitisha Kilwa, Karagwe na Zimbabwe kabla hatujapata siku ya kusimama uani kwetu. Nikamweleza kwa maneno machache, akalirudia jina mara mbili, Sewa Haji, Sewa Haji, akawakimbilia wenzake.

Sewa Haji alifariki Februari 1897, bado hajafika miaka 50. Biashara yake ikaangukia kwa mwajiriwa wake, Allidina Visram, aliyezaliwa kijiji cha Kera, Kutch, na kufika pwani hii mwaka 1863 akiwa na umri wa miaka kama 12. Visram aliipeleka biashara mbali kuliko bwana wake: reli ya Uganda ilipofika ziwani, maduka yake yalikuwa yameenea Kenya na Uganda. Shule ya sekondari ya Mombasa yenye jina lake inajulikana kwa karibu kila familia ya Mombasa. Wachache wanajua kwamba mwenye jina alijifunza kazi katika mitaa hii.

Baada ya hapo mambo ya mtaa yalishuka, na mwongozaji aliyasema upesi, sawasawa na yalivyotokea. Reli ya Kati ilianzwa kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora 1912 na Kigoma 1914. Mzigo uliokuwa ukitumia wapagazi mia ukaingia behewa moja. Wafanyabiashara wakahama, wengine Dar es Salaam, wengine bara. Mwaka 1971 serikali ilitaifisha majengo makubwa ya kupangisha nchini, na wenye asili ya Kihindi wengi wakaondoka Tanzania. Nyumba isiyokaliwa na mwenyewe, pwani, haidumu. Chumvi inakula chokaa, mvua inaingia, boriti zinaoza. Hata Boma la Wajerumani la mwaka 1897, jengo la serikali, liliwahi kuporomoka sehemu kwa mvua za El Niño.

Kwa sisi wa Zinga habari ya bandari haijawa ya kale. Mwaka 2013 Tanzania ilitia saini makubaliano na Wachina ya kujenga bandari kubwa Mbegani, mlangoni petu. Jiwe la msingi likawekwa Oktoba 2015. Mwaka 2019 mradi ukasimamishwa. Mwaka 2021 mazungumzo yakarudi. Katika vijiji vya Mlingotini na Pande watu wamekaa miaka wakisikiliza redio. Nikimtazama mtoto wa Zinga leo, nataka awe ameshatembea Mtaa wa India kabla meli ya kwanza haijatia nanga, ili ajue maswali ya kuuliza: mkopo ni wa nani, ushuru anakusanya nani, na mbebaji anabaki na nini.

Jioni shemeji alikaa kwenye baraza moja ya mtaa ule, viatu mkononi, akasema kwao Tabora wazee walikuwa wakihesabu ujana wa mwanamume kwa mara alizokwenda pwani. Asiyekwenda alionekana bado mtoto. Alisema alidhani walikuwa wakisifia bahari. Sasa ameona kwamba walikuwa wakisifia mabega.

Kwa msomaji anayekusudia kuja, nina maombi mawili. La kwanza ni jepesi: chukua mwongozaji mwenyeji wa Bagamoyo, mlipe siku nzima, wala usimlipe saa mbili za picha. Anza Kaole, maliza Mwambao, na Mtaa wa India upite taratibu. Ukiwa na watoto, waache waguse mlango.

La pili ni kwa walio mbali zaidi. Kuna familia za Makhoja na Wabhatia zilizotoka Bagamoyo, leo ziko Dar es Salaam, Nairobi, Leicester, Toronto na Vancouver. Kuna familia za Wanyamwezi na Wasukuma ambazo babu zao walitembea mpaka hapa. Kama sandukuni kwako kuna picha ya duka la zamani, risiti, hati ya nyumba au barua; kama bibi yako bado anakumbuka wimbo wa wapagazi au jina la kambi walipolala njiani, usiache vipotee. Piga nakala, andika jina na mwaka, uzipeleke katika makumbusho ya Misheni au Caravan Serai, au hata kwa mwalimu mkuu wa Mwambao. Watoto wa shule ile wanauliza.